Picha ya Mrembo wa Newala

Newala, 9 Agosti 1957

Kaka Nikolao,

Shikamoo. Muhogo tumeshavuna, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Ni kweli, kwenye maonyesho ya mazao nilichaguliwa mrembo wa kwanza. Waamuzi walisifu uso wangu kwa kuwa hauna chale. Mama alikuja kunishangilia. Wakamwondoa kwenye viti, wakamkalisha chini penye vyungu na vikapu, ili wageni waipige picha ndonya yake, kile kisahani cha mpingo kilichopenya mdomo wake wa juu. Mmoja alimwinua kidevu kwa kidole kama anayekagua ng'ombe mnadani. Mimi nilikuwa jukwaani na utepe wangu kifuani, nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Halafu ikaja barua yako. Unataka picha yangu uwaonyeshe wenzako huko kwenye mkonge Tanga, ila Mama asionekane, watakucheka. Kaka, huna haya! Mama hajui kusoma. Aliponiuliza umesema nini, nilimwambia unaomba picha yake.

Alifurahi mno. Aliipaka ndonya mafuta ya nyonyo hadi ikang'aa, akakaa wima mbele ya mpiga picha. Anasema nikukumbushe kwamba ujanani wanaume wa vijiji vitatu walimgombania. Mimi nakukumbusha kwamba mdomo huo ndio uliokutafunia chakula ulipokuwa huna meno.

Picha ndiyo hiyo, yangu sikupiga. Waonyeshe wenzako mrembo wa Newala. Wakicheka na wewe ukacheka, usirudi hapa.

Mdogo wako,
Josephina