Jina Juu ya Keki

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu mpaka saa nne. Nimechuma chai kidogo, vidole vikafa ganzi, nikarudi nyumbani. Nimeoka keki ya majaribio. Upande mmoja umeiva, wa pili umezama. Makaa juu ya kifuniko cha sufuria yalikuwa machache. Kuku wamefurahi.

Wanja amepiga simu kutoka Kiritiri. Amekuwa mke wa Murimi mwanangu miaka miwili sasa, na huyu ndiye mtoto wao wa kwanza. Mimba imefika miezi minane. Marafiki zake wanamfanyia sherehe ya kumngojea mtoto Jumamosi, na keki ni yangu. Hilo nilijua. Sikujua anataka ya namna gani. Hataki dubu, hataki mawingu. Anataka kikapu cha majani chai, na gambuti mbili ndogo kando yake, vile viatu vya mpira vya shambani. Na mbele, kwa herufi kubwa: KARIBU NYAGA.

Picha ya hospitali inasema ni mvulana. Kifungua mimba wa kiume huchukua jina la baba ya babake. Hiyo ni desturi, haina mjadala. Na baba ya Murimi ni Nyaga. Mume wangu.

Nimesema sawa. Nimeweka simu chini. Mara ya mwisho kuona jina hilo likiandikwa ilikuwa kwenye msalaba wa kaburi lake, Novemba.

Jumanne, 5 Agosti

Ninaogopa. Heri niandike hivyo.

Mtoto hajaja na tunamwita jina mbele ya watu. Mama yangu hakununua hata kitambaa kabla mtoto hajalia. Alisema usimwite mgeni ambaye bado yuko njiani, atajikwaa.

Halafu kuna kisu. Keki hukatwa. Kisu kitapita katikati ya jina lake, na watu watalila na soda.

Jirani yangu Mama Ndwiga alikuja kuazima chekeche. Nilimwambia. Akacheka mpaka akashika mlango. "Na akija msichana? Utamwita Nyaga wa marinda?" Nikacheka naye. Alipoondoka sikucheka tena.

Nimekunywa chai bila sukari. Nyaga alikuwa anaweka vijiko vitatu na kuapa ni viwili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekanda aising, sukari ya kupambia keki, niunde gambuti. Za Nyaga bado ziko mlangoni, sijaweza kuzitoa. Kila jioni alizipindua ili maji yatoke na vyura wasiingie. Ya kushoto ina kiraka cha tyubu ya baiskeli. Alikibandika mwenyewe, kiraka kikubwa kuliko tundu mara nne. Nilimcheka wiki nzima. Nimeziweka mezani niziige. Ile ndogo ya kushoto nayo nimeitia kiraka. Mkono umeenda wenyewe.

Jioni nimejaribu kuandika jina kwenye sahani. N imepinda. Nimefuta, nimerudia. Mara ya tatu limetoka vizuri. NYAGA. Limenyooka. Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa aising simu ikalia. Murimi. Wanja amefura miguu na uso, presha imepanda. Wamemleta hospitali Embu.

Nimelifuta jina kwa kidole. Nikaosha sahani. Nikaiosha tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Wanja amelazwa. Murimi anasema wanamwangalia tu. Wanamwangalia kwa nini kama hakuna kitu?

Sijaoka. Nimechuma chai bila kuangalia ninachochuma. Kwenye kituo cha kununulia chai karani amemwaga kikapu changu mezani, akainua bua moja. "Mama Murimi, leo umetuletea kuni?" Watu wakacheka. Alikuwa na haki. Nusu ilikuwa majani magumu.

Najua jina kwenye sahani halipandishi presha ya mtu. Nilimaliza darasa la nane, najua. Lakini ninaogopa vilevile.

Nimeomba. Nimeomba tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Ameruhusiwa! Presha imeshuka. Apumzike, arudi kliniki wiki ijayo. Sherehe iko, yeye atakaa kwenye kiti na kuhudumiwa.

Nimeoka asubuhi. Imeiva sawasawa. Nimefuma kikapu kwa aising ya kahawia, mstari juu ya mstari, mgongo unaniuma. Majani nimeyakata moja moja. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kama vile Nyaga alivyonifundisha kuchuma nilipoolewa hapa Kibugu.

Nimempigia Murimi nikamwambia jina sitaandika. Akasema, "Mama, ni keki tu." Kisha akasema, "Ama hutaki jina la baba liende kwa mtoto?"

Sauti ya Wanja ilikuwa karibu, ikauliza, "Amekataa?" Simu ikakatika.

Imeniuma sana. Sasa msichana wa watu, ametoka hospitali leo, anadhani ninamkataa mtoto wake.

Nimekata herufi za aising ngumu. Nimezikausha kando ya jiko. Zikigongana zinalia kama vigae. Nimezitia kwenye mkebe wa majani chai. Nitaenda nazo. Sijui kama nitazitoa.

Jumamosi, 9 Agosti

Murimi alikuja kunichukua na gari la mwenzake. Tulisalimiana tu. Keki nimeipakata. Tulipopita Embu mjini nilivua sweta. Mbele zaidi nilivua kitambaa cha kichwa nikaipepea keki. Aising yangu imezoea baridi ya Kibugu. Kufika Kiritiri ukuta mmoja wa kikapu ulikuwa umelegea, kikapu kimeinama. Nilitaka kulia. Mwanamke mmoja alikitazama akasema, "Hiki kimejaa hadi kinaelemea." Nikamwachia maneno yake. Nimemshukuru moyoni.

Wanja alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya stuli. Alinisalimia kwa heshima. Heshima ya mbali. Rafiki yake mmoja akaizunguka keki. "Na jina? Si tuliambiwa kuna jina?" Wote wakanitazama. Murimi akatazama chini. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, juu ya mkebe. Haukutoka.

Wanja akaomba keki isogezwe karibu. Aliangalia majani. Aliangalia gambuti. Akagusa ya kushoto kwa ncha ya kidole.

"Kiraka," akasema.

Akalia. Kisha akaanza kucheka huku analia, nikaogopa presha. Akawaambia wenzake vile Nyaga alikuja kwao mara ya kwanza na gambuti hizo, mwaka wa ukame, hakuna tope hata la kumwonyesha mtoto, na mbuzi wakamfuata wakizinusa mpaka mlangoni. Hata mimi sikuwa ninajua habari ya mbuzi. Watu wakacheka. Murimi alicheka kicheko cha babake.

Kisha Wanja akazitoa gambuti kwa mikono yake miwili, akaziweka kwenye sahani kando. Ndipo akachukua kisu. Kilipita kwenye keki tu. Nilitazama mpaka mwisho.

Baadaye nilimpa mkebe. Nilimwambia, "Jina liko humu. Sijalinyima. Nililiogopa. Akishalia, fungua." Akautikisa kidogo sikioni. Akauweka juu ya tumbo. Akasema, "Basi tutamngoja pamoja, Mama."

Murimi hakusema pole. Alinibebea mkoba mpaka kwenye gari. Mkoba mtupu.

Jumatano, 20 Agosti

Kliniki imesema vizuri. Kila simu ikilia bado ninashtuka. Nimezitoa gambuti za Nyaga mlangoni, nikazisafisha, nikazirudisha. Bado.

Alhamisi, 4 Septemba

Niko Kiritiri. Mtoto alizaliwa Jumanne, mvulana, alilia mpaka muuguzi akamwambia inatosha. Leo wamekuja nyumbani. Wanja ni mchovu lakini mzima.

Alinipa mkebe. Hakuwa ameufungua. Alisema mimi nifungue.

Sikujua nizifanyie nini herufi sasa. Ningeziweka zingeliwa na sisimizi. Murimi alikuwa ameleta chai, ile yetu ya Kibugu. Nikatia herufi kwenye birika, moja baada ya nyingine. N ilikawia kuyeyuka. Nikakoroga. Wanja na Murimi walinitazama.

Tumekunywa. Tamu kupita kiasi. Vijiko vitatu, si viwili.

Nje jua kali. Mbuzi wa jirani wanalia. Nyaga amelala mapajani mwangu.