Kona Anayoangukia Chiriku

Ghorofani, juu ya duka la fundi saa,
Jumapili jioni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Usinijibu "mzima tu" kama kawaida yako, maana Mama Mdogo nitamuuliza pembeni. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama, ambaye kifua humbana baridi ikizidi.

Kamera uliyonitumia nimeanza kuitumia, na mwanzoni ilinitia aibu. Mdogo wangu Chiriku akipita na baiskeli mazoezini, mimi naambulia barabara tupu au ukungu wenye magurudumu. Mpiga picha wa studio ya jirani alinicheka kwanza, ndipo akanielekeza: niongeze kasi ya kamera, nimlenge mwendeshaji kabla hajanifikia, nizunguke naye kwa kiuno, na nikishabonyeza nisisimame ghafla.

Sasa kuna jambo linaloninyima raha. Chiriku ameanguka mara mbili pale pale, kwenye kona ya ghala, na mara zote ubavuni mwake alikuwa binti wa kocha. Kocha anadai mtoto wetu hajui kushika breki, atamtoa kwenye timu. Chiriku anasema alivutwa. Mama anaona ni visingizio. Mimi sikujua nimwamini nani, mpaka kocha aliponiona na kamera.

"Kapigie kule wanakomalizia," aliniambia, kwa upole nisiouzoea. "Pale kwenye kona hakuna cha maana."

Tangu lini akajali picha zangu? Nikamwitikia vizuri, nikazunguka nyuma ya ghala, nikalala kifudifudi kwenye kona ile ile. Walipotokea nikabonyeza bila kuachia, picha mfululizo. Chiriku aliyumba, ila safari hii hakuanguka.

Nyumbani nikazipitia moja moja. Nyingi ni takataka. Chache zimetoka safi: vidole vimekamata pindo la fulana ya Chiriku, kitambaa kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwenye vidole haonekani uso. Mama alizitazama, akaingia chumbani kwa Chiriku, akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Leo asubuhi nimempelekea kocha. Alizipitia zote, kisha akauliza, "Nani mwingine ameziona?"

Hakuuliza mkono ni wa nani.

"Baba yetu mdogo," nikamjibu. "Anazo zote."

Akasema basi, Chiriku abaki kwenye timu, mambo yaishe. Yameisha vipi, na binti yake bado anaendesha ubavuni mwa mtoto wetu? Akaongeza kwamba nimwachie kamera aikague. Nimekataa.

Kwa hiyo picha zimo humu ndani ya bahasha. Zifungie mahali salama, Baba Mdogo, nisije nikaonekana mwongo.

Msalimie Mama Mdogo na mapacha. Waambie Chiriku anawakumbuka. Mungu awalinde, hata na wale wanaowachekea.

Mwanao akupendaye,
Dada yake Chiriku