Mabara Matano ama Saba

Merigi, Jumanne, Februari 1992

Na yote yalianza na mabara. Kitabu kipya cha jiografia kinasema ni saba, mwalimu mkuu yeye alifundishwa matano, na chai ya saa nne ikapoa tukibishana kama Misri ni Afrika ama ni Uarabuni.

Mwalimu Kiprono, ambaye nimefundisha naye tangu nihamie hapa, akasema ramani ni bure. "Mtu ni wa pale babu yake alizikwa. Hata wewe, Mama Wanjiru, kwenu ni Nyeri."

Nikamwambia watoto wangu wote wamezaliwa hapa Merigi. Akachukua chaki zake, akaenda darasani.

Nilijiambia ni mzaha tu. Lakini jioni jirani yangu, Mama Chepkemoi, alirudisha ndoo niliyotumia kumpelekea viazi. Siku zote huirudisha na maziwa, maana huku chombo cha mtu hakirudi kitupu. Leo ilikuwa tupu, imeoshwa ikang'aa. Aliiweka mlangoni bila kuniangalia, akasema polepole, "Mlale na viatu."

Watoto nimewalaza na viatu. Baba yao anasema naogopa bure, hakuna atakayekuja kutufukuza usiku. Lakini vyake hajavua.