Wanavyokunukuu Mukuyuni

Prof,

Jumamosi nilisimama kwenye ibada yako ya kumbukumbu kule Mbooni, mbele ya jamaa zako wote, nikawaambia wasile chakula. Sijui kama nilikutetea au nilikuaibisha. Tangu siku hiyo roho yangu iko juu juu, na kwa vile wewe ndiye mtu ambaye ningemuuliza, nakuandikia hivyo hivyo.

Nianze na habari unayoipenda. Unaendelea kunukuliwa. Ile arifa ya barua pepe inayotujulisha kila mtafiti anapotaja kazi yako, sijaizima. Majuzi ulikuwa Brazil, kabla ya hapo India, na makala ni ile ile ya sumu ya kuvu na muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Yale mengine uliyoandika kuhusu ini, na ni mengi, yanatajwa mara moja moja, lakini hiyo moja imekuwa kama imeota miguu. Nakumbuka ulivyokuwa ukiingia maabara asubuhi, mkoba bado begani, ukiuliza kabla hata ya salamu, "Tumetajwa?" Kama hatujatajwa, sote tulijua siku itakuwa ndefu. Nilikuwa nakucheka kimoyomoyo, profesa mzima anangojea kutajwa kama mtoto anavyongojea peremende. Siku hizi nafungua arifa hizo peke yangu na sina wa kumcheka.

Nilidhani hiyo ndiyo ingekuwa kazi yangu Jumamosi. Kifungua mimba wako, Muthama, alinipigia akasema familia ingependa niseme maneno machache kuhusu jina lako huko nje, umenukuliwa mara ngapi na katika nchi zipi, ili washirika wa kanisa wajue walikuwa wameketi na nani kwenye zile benchi. Nikakubali kwa furaha. Akaniomba pia, kwa kuwa nilikuwa napita Mukuyuni nikitoka kazini, nimpitie mdogo wako Mama Ndunge, nimsaidie kubeba muthokoi wa wageni.

Prof, biashara ya mdogo wako imekua sana tangu utuache. Wateja wanauita muthokoi wa Daktari. Picha yako, ile uliyovaa joho, ameibandika juu ya meza yake pale sokoni, na mtu akisitasita kununua anaonyeshwa hiyo picha. Nilisimama pale machozi yakinilengalenga, nikijivunia wewe. Kisha akanipeleka nyuma, kwenye stoo.

Msimu huu mahindi yalivunwa mvua ikinyesha. Wanunuzi wakubwa waliyakataa, yeye akayachukua kwa bei ya kutupa. Nilifungua gunia moja, na ile harufu unayoijua ikanipiga usoni, harufu ya blanketi lililokunjwa likiwa na maji. Kulikuwa na punje za kijani na nyingine za kijivu. Nikamuuliza kwa upole kama hayo ndiyo yanayokwenda kukobolewa. Akacheka. Akanieleza, mimi Mwikali niliyeosha vyombo vya maabara yako mpaka vidole vikachubuka, kwamba ukishakoboa, sumu yote inatoka na maganda, na maganda ni ya kuku. Wewe ulisema redioni. Kuku wenyewe wamekufa karibu wote. Anasema ni kideri.

Na ni kweli ulisema. Nilikuwa nimeketi kando yako studioni, ukiongea Kikamba kitamu mpaka mtangazaji akasahau matangazo ya biashara. Ulisema kukoboa kunapunguza sumu. Halafu ukasema kwamba mahindi yaliyooza hayaokolewi na kinu wala mashine, yatupwe, hata kuku wasipewe. Watu wakabeba neno la kwanza wakaliacha la pili. Hata wasomi walikufanyia hivyo, na hasira yako naikumbuka. "Huyu amesoma muhtasari tu," ulikuwa ukisema. "Keti, mwandikie mhariri." Nami nachapa barua yenye adabu ya kutisha, wewe umesimama nyuma yangu ukiongeza makali. Lakini Mukuyuni haina mhariri, Prof.

Niliomba konzi ya yale mahindi na konzi ya muthokoi, nikaenda kupima. Nilirudia kupima nikiomba niwe nimekosea mimi. Hata yaliyokobolewa yalikuwa mbali juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Nikampigia Mama Ndunge, nikazunguka mbuyu weee, mwishowe nikamwambia.

"Mwikali," akasema, "dada yangu alisomea hii kitu maisha yake yote. Sasa ni wewe unajua kushinda yeye?"

Yule ni mtu aliyefiwa, na mimi namwambia hakumwelewa marehemu wake. Nikajaribu kwa Muthama. Yeye alisema tusimharibie shangazi siku, tutaongea naye baadaye, na kwamba sahani moja haiui mtu. Huenda ana haki, sahani moja haiui. Lakini nilijua kila atakayekula pale angeenda nyumbani akiwaambia watu wake kwamba muthokoi huo uliliwa hata kwa Daktari mwenyewe. Huko kungekuwa kukunukuu kwa nguvu kuliko makala yoyote.

Basi ikafika Jumamosi. Boda boda zilikuwa zinapandisha wazee kilimani, kanisa likajaa mpaka nje. Sufuria zilikuwa zimeshainjikwa, na harufu ya muthokoi na maharagwe ikawa inaingia dirishani. Nilipoitwa, nilikwenda mbele na karatasi yangu. Nikasoma nchi zako zote wakapiga makofi. Nikasema wapo wanaomnukuu nusu, na sisi watu wa nyumbani ni wa kwanza. Kisha nikasema yale uliyosema redioni, kwa Kikamba, yote mawili. Nikawaambia nimepima. Nikawaomba kilicho kwenye sufuria kimwagwe.

Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alitazama viatu vyake. Mama Ndunge alikuwa benchi ya mbele, amevaa fulana yenye uso wako, akajifunika kichwa kwa leso na mabega yakaanza kutikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wageni wakagawana wali na chapati, havikutosha, na watu waliotoka mbali wakarudi na njaa. Muthama hakuniaga. Mama mmoja aliniambia langoni kwamba ningengoja basi mtu apoe kaburini. Pengine alikuwa sahihi. Nilishuka ule mlima kwa miguu kwa sababu sikutaka hata kungoja boda boda pamoja nao.

Nimekuwa nikijiuliza wewe ungefanyaje. Ungesema bila kutetemeka, hilo najua. Ila wewe walikuwa wakikusikiliza kwa sababu ni wewe, na mimi ni msichana wa Kyuso aliyekuwa akikubebea sampuli. Nimekukasirikia pia, nikwambie ukweli. Ulifurahia kutajwa Brazil, na hukuwahi kwenda kuketi na mdogo wako kwenye ile stoo. Lakini pia hukujua kwamba siku zako zinaisha. Naandika hivi na moyo unanisuta, ila siwezi kufuta.

Leo asubuhi Mama Ndunge alinipigia. Niliiacha simu ilie kwanza, nikijua natukanwa. Hakunisalimu.

"Na ile tunakula hapa nyumbani?" akauliza. "Hawa watoto wa Ndunge wamekula tangu mavuno. Huyu mdogo macho yake... mimi nilifikiria ni malaria. Kuja uone."

Nikamwambia ampe maji, asimpe dawa yoyote ya dukani, wote waache yale mahindi saa hiyo hiyo, na ampeleke zahanati bila kunisubiri. Akasema zahanati ya karibu wamegoma. Nimeshaongea na daktari wa ini uliyefanya naye kazi, anatungoja hospitalini na kitanda kipo. Natumiwa gari sasa hivi. Naandika haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko huu.

Naogopa, Prof. Naogopa kwamba nilichelewa, kwamba ningesema siku ile ile pale stoo, kwa sauti, bila kuzunguka. Pumzika. Ninachokuahidi ni hiki: nitamtoa yule mtoto nje, nimwangalie kwenye mwanga wa jua kama macho yamegeuka manjano, vile ulivyonifundisha, na nitakachokiona nitamwambia nyanya yake chote, siyo nusu.

Gari limefika. Kwaheri, mwalimu wangu.

Mwikali