Ramazani Ameandika Jina Langu

Kabambare, Jumatano

Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu. Furaha haijaniisha.

Ramazani alikuwa mwanafunzi wangu. Tuliunda pamoja kile kioo kidogo chenye mifereji myembamba kama unywele, ambamo sauti isiyosikika hutenga vijidudu vya malale na damu. Kisha akakitangaza kuwa chake peke yake.

Leo alikionyesha kwa waganga wa hospitali ya hapa, na akanialika nikae nyuma nimpigie makofi. Tone la damu likaingia, lisitengane. Joto lilikuwa limeharibu kipimo cha sauti. Niliona mara moja, nikamtazama akitoka jasho.

"Dada Zaina, unisaidie," alisema polepole.

"Masini si iko yako? Tengeneza."

Waganga wakacheka. Nilitaka wacheke mpaka jioni. Lakini damu ile ilikuwa ya binti wa mama mmoja aliyetoka Wamaza kwa pikipiki, na mama huyo alikuwa ananitazama mimi.

Nikamsogezea Ramazani daftari la hospitali. "Andika kwanza nani aliyeibuni."

Akaandika jina langu. Ndipo nikarekebisha kipimo. Vijidudu vikajikusanya upande mmoja, kila mtu akaviona. Jioni binti akaanza dawa.

Mama yule alishukuru sana, hakujua kwamba nilimngojesha kwa ajili ya jina langu. Zilikuwa dakika chache tu, lakini...

Hilo linanisumbua. Ramazani hanisumbui hata kidogo.