Povu la Tumbo la Kushoto

Machi 3

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu, uzigawe na mama yako, zikibaki mpe jirani. Mimi mzima kama chuma. Mke wangu pia mzima, goti lake tu ndilo limenuna.

Uliniomba niitazame katamarani ya marehemu baba yako, ile mashua yake ya matumbo mawili. Nimeitoa turubai. Miaka sita imelala nyuma ya ghala! Watu wakasema imekwisha. Nikawauliza, imekwisha kwa nani? Mimi ndiye niliyeziba tobo kwa kisigino, maili nne kutoka ufukweni, huku nakula chungwa.

Siku mbili tu, kazi kwisha. Nimekwangua gundi kuukuu kwenye mishono yote, matumbo yote mawili, nikaziba upya. Fundi boti wa hapa jirani alikuja kuangalia, akaondoka anatikisa kichwa. Wivu huo.

Mlete mama yako apande. Maji yatakayoingia humo ni machozi ya furaha peke yake.

Mjomba wako, fundi wa mafundi


Machi 9

Shikamoo Mjomba,

Poleni na goti. Huku tunaendelea vizuri, kikohozi cha mama kimepoa.

Swali moja, usikasirike. Ulijaribu kwa povu? Baba hakuwa akiiteremsha mashua majini kabla ya kuchomeka mpira kwenye tundu la kizibo na kupuliza hewa ndani ya tumbo, mimi nikipaka maji ya sabuni kwenye mishono. Penye povu, panavuja.

Nauliza kwa sababu ya mama. Tangu tumzike baba hajakanyaga maji, hata ya kifundoni. Mwezi uliopita nikamshawishi, akakubali: mara moja tu, akae pale kwenye wavu uliotandazwa kati ya matumbo mawili, alipokuwa akikaa wakati wa uchumba wao. Mjomba, akilowa hata soksi kwa mashua kuvuja, sitampata tena.

Tunakuja tarehe 28.

Mpwa wako


Machi 13

Mpwa,

Barua imefika, imenikuta na nguvu zangu zote.

Povu? Povu ni la kufulia! Mimi naligonga tumbo la mashua kwa ngumi, natega sikio kama daktari. Limenijibu, "Niko salama, mkubwa." Mwambie dada yangu avae hata viatu vya harusi.

Mjomba wako asiyebahatisha


Machi 21

Mpwa wangu,

Usimlete mama yako. Salamu baadaye.

Barua yako niliirudia, pale pa soksi. Nikaiacha chai mezani. Nikachukua mpira nikapuliza, mke wangu akapaka sabuni. Tumbo la kulia kimya. La kushoto likatoa povu mshono mzima, kama sufuria ya maharage. Mke wangu akasema, "Baba, mashua yako inanyoa ndevu." Sikucheka.

Nilikudanganya. Tumbo la kulia sikuligusa kabisa, mgongo uliniuma nikaishia njiani. Ile ni gundi ya baba yako, na bado imeshika. La kushoto ndilo langu.

Na fundi boti hakuondoka kwa wivu. Alinionya: "Mzee, hiyo ni silikoni ya bafuni. Itaachia majini, na ukiiacha hapo, hata gundi ya boti haitashika juu yake." Nikamjibu kwamba nilikuwa naziba mashua yeye akinyonya. Sasa silikoni yangu imeshika vidole, suruali na mkia wa paka. Mashua tu ndiyo imeikataa.

Jana nilikwenda kwake nimenywea kama kuku aliyenyeshewa. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Amenipa kikwanguo, spiriti na msasa. Nimeanza upya.

Mwambie dada yangu nimekosa.

Mjomba


Machi 24

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Tarehe 28 tumeiacha.

Nilimsomea mama barua yako nikijua ndiyo basi tena. Halafu akasema, "Hebu rudia pale pa paka." Akacheka mpaka kikohozi kikarudi.

Kisha akafuta macho, akasema hivi, nayaandika kama alivyoyatamka: "Tangu tuko watoto kaka yangu hajawahi kusema amekosa. Alivunja mtungi wa mama, akasema ulianguka kwa kumwogopa! Sasa mwambie hivi. Siku atakayoniandikia kwamba mashua haivuji, na barua yenyewe haina sifa hata moja, siku hiyo nitamwamini, nitapanda."

Soksi ameshaziweka kwenye mkoba. Tunasubiri.

Mpwa wako


Aprili 7

Mpwa wangu na dada yangu,

Salamu. Sisi wazima, goti limepoa.

Silikoni tuliikwangua siku tisa. Fundi boti ndiye aliyeziba, mimi nilimshikia kitambaa. Gundi tukaiacha wiki nzima ikauka. Leo tumepuliza mara tatu, matumbo yote mawili, mke wangu akipaka sabuni.

Hakuna povu.

Mje.

Mjomba

Nimesahau: ipo habari ya mapafu yangu wakati wa kupuliza, na jinsi fundi boti alivyoshika ukuta asipeperushwe. Hiyo siiandiki. Nitaisimulia dada akishakaa kwenye wavu.