Upande Mmoja wa Nyumba Ninaouruka

Mama Leonari,

Ni minye, mume wako. Usicheke hizi herufi, zinaegama kama watu wametoka kunywa pombe ya kasiksi. Mukono huu ni wa kushika mwiko wa ujenzi, hauko wa kalamu. Na weye unajua: mtaa wa Kimanga wote hakuna duka lenye ukuta ulionyooka kama sikuujenga minye. Mafundi wengine wanapima kwa kamba. Minye napima kwa jicho.

Lakini hii nyumba yetu ya mtaa huu wa Songo imenishinda, mama. Nakuandikia weye kwa sababu walio hai wote nimekwisha kugombana nao.

Ulipolala vita ya waasi ilikuwa inaanza tu. Sasa imekomaa. Ile Uhuru tuliyoicheza ngoma pamoja, mpaka ukapoteza kiatu kimoja, tunaiulizia iko wapi. Leo mji ni wa hawa, kesho ni wa wale, na wote wakija wanauliza, "Muzee, uko upande gani?" Nawajibu, "Upande wa korongo, nyumba ya pili."

Veronika wetu amerudi kutoka Luvungi. Kule walichomewa nyumba. Wametembea barabara yote, watoto mgongoni, sufuria kichwani, na mume wake Tomasi nyuma amebeba kuku aliyekufa njiani bila yeye kujua. Leonari na muke wake wako humu pia. Nyumba ni ile ile: chumba na sebule. Wanawake na watoto wanalala chumbani, minye na Leonari tunalala sebuleni.

Na Tomasi? Tomasi ni mukwe. Mukwe atalala vipi pahali ninapolala minye, anisikie nikikoroma, anione nikiamka bila shati? Kwa hiyo alikuwa analala inje, juu ya lundo la matofari, amejifunika nyasi. Hakuna muntu alimufukuza. Yeye mwenyewe akiniona anageuza uso, anapita nyuma ya jiko. Muntu wa heshima. Nilijivuna naye kwa jirani yetu Petro: "Huyu njo mukwe, si kama huyo wako anayenyang'anyana mboga na mama-mukwe!"

Hayo matofari unayajua. Weye ulikanyaga udongo, minye nikafyatua, huku natangazia mtaa wote kwamba nitabomoa hii nyumba ya udongo, nisimamishe nyumba ya matofari ya kuchoma, na mabati, na dirisha la kioo. Nilisema kanisani, nilisema sokoni. Sasa yako pale, mabichi, hayajaona moto. Nikiwasha tanuru moshi utapanda siku mingi, na siku hizi moshi unaita ndege za vita, unaita askari. Wanasema ni kambi ya waasi. Na tofari bichi likipigwa na mvua linarudi kuwa udongo. Mvua iko karibu.

Leonari kila asubuhi: "Baba, bomoa. Nyumba imechoka. Tuanze mupya, vyumba vine." Bomoa! Na watu hawa siku ya kubomoa nitawaweka wapi, mfukoni? Tena ule ukuta wa chumba uliukandika weye. Ulikuwa muntu wa mukono wa kushoto. Mistari ya vidole vyako kwenye udongo inaelekea mlimani, haielekei ziwa kama ya wanawake wengine. Fundi mwingine hawezi kuiona. Minye naiona. Nipige nyundo pale?

"Basi ongeza chumba, baba." Niongeze wapi? Huku ni korongo, maji ya mlima yakishuka yanakula kiwanja chetu kila mwaka. Huku ni ukuta wa Petro, na Petro akiona jiwe langu limeugusa atapiga kelele mpaka ng'ambo ya ziwa wasikie. Nyuma ni weye. Tulikuzika pale kwa sababu siku ile njia ya makaburini ilikuwa na risasi. Nisimamishe ukuta juu ya kifua chako? Tangu siku ile hata mulango wa nyuma sikuupita tena.

Nikawa kama mbuzi wa kamba. Anazunguka kigingi, kamba inafupika, anazunguka tena. Petro ananiita kutoka kwake: "Ee fundi wa Kimanga! Nyumba yako imepiga magoti, inasali?" Nikaingia ndani. Ukisikia sikumujibu Petro, ujue niko mugonjwa.

Kisha askari walipita alfajiri. Muntu anayelala inje wakati wa vita, mama, iko adui tu. Walimukuta Tomasi juu ya matofari. "Unavizia nani hapa?" Akasema, "Ninalala kwa mukwe wangu." Wakacheka mpaka wakainama. Hawakuwa watu wa huku. Kwao mukwe analazwa ndani kama mugeni. Huyu wa kulazwa inje kama mbuzi ni uongo. Wakamubebesha masanduku ya risasi, wakaenda naye.

Veronika hakulia. Hapo njo niliogopa. Alikaa mlangoni akaniangalia kama weye ulivyokuwa unaniangalia nikisifia samaki ambaye sijamuvua.

Tomasi alirudi kesho yake jioni, walimuachia masanduku yalipofika, mabega yamechubuka, mguu mumoja anauburuta. Akaingia kiwanjani, akaniona, akageuza uso kwa heshima, akaenda kujilaza juu ya matofari. Yale yale, mama! Pale pale!

Hapo njo Veronika akaniambia, polepole: "Baba, ukihesabu pande za hii nyumba kuna mumoja unauruka."

Mbele. Baraza langu.

Nilimujibu vibaya. Nilisema muntu bila baraza ni muntu bila suruali. Weye unajua pale ni nini. Pale njo ninaona ziwa kati ya mapaa, ninakosoa wavuvi wanavyovuta mitumbwi. Pale njo kila mupita njia ananiamkia, na asiponiamkia ninauliza kwa sauti ni mutoto wa nani. Veronika akaingia ndani. Nikabaki kwenye kiti changu mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Nikaona mguu wa Tomasi umetokeza chini ya nyasi, umefungwa na kipande cha kitenge chako, kile cha njano.

Asubuhi nilishika mwiko, nizungushie baraza ukuta liwe chumba. Baraza lina paa lake, mvua haitafikia matofari mabichi. Tumejenga minye na Tomasi: yeye analeta tofari, analiweka chini, anageuka, minye naliokota. Jicho halikukutana na jicho, na ukuta umenyooka kuliko yote ya Kimanga. Nimemupa mulango wake mwenyewe unaotazama barabara, na ule wetu wa mbele nimeuziba, asipite nilipolala. Petro alikuja na ulimi wake. Akaangalia. "Sasa utatusumbulia wapi, muzee?" Kisha akavua koti, akaingia kwenye udongo na miguu yake ya kizee.

Usifikiri nimefunguka kwenye ile kamba. Mbele ukuta, huku korongo, huku Petro, na vita juu na chini. Ziwa silioni tena. Lakini Tomasi analala ndani na Veronika wake. Risasi zikilia namusikia anakohoa upande wa pili, najifanya sisikii. Nadhani yeye pia ananisikia nikikoroma, anajifanya hasikii. Heshima imebaki, imepungua unene tu.

Sote sasa tunatoka kwa mulango wa nyuma. Kila anayetoka anapita kwako. Watoto wa Veronika wanakusalimia, "Jambo, bibi," wakikimbia. Kiti changu nimekileta hapa, karibu na kichwa chako. Hakuna wavuvi, hakuna wapita njia. Sina muntu wa kukosoa.

Haya, lala mama. Vita ikipita nitawasha tanuru, moshi mukubwa, na ile nyumba nitaijenga. Ukuta wako wa mukono wa kushoto sitaugusa. Matofari yatauzunguka, utakaa ndani kama muntu katika nguo. Najua nimesema sana maishani. Hii sikuitangaza kanisani wala sokoni. Nimekuambia weye tu, kwa sauti ndogo, na kesho asubuhi niko hapa tena na kiti changu.

Mume wako,
Baba Leonari